Vifua vya Kuazima

Lango lilimwangalia Hango Mughenyi kwa muda wa hatua mbili, likawasha taa ya kijani, likasema kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa redio: "Hango Mughenyi, mchorongaji wa mwamba, mwaka wa kumi na tisa. Kifua cha kazi. Karibu kazini."

Hango akaitikia asante, kama walivyozoea kuitikia wote ingawa hakuna aliyewalazimisha. Akapiga hatua nyingine nne, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ili aitafute pumzi yake.

"Mashine imesema mzima," mwenzake mmoja akamtania. "Sasa hayo mapafu yanabishana na nani?"

"Yaambieni nyie," Hango akajibu, akitoa neno moja moja. "Mimi... hayanisikii."

Wakacheka, wakaingia kwenye lifti ya kushuka mgodini, wakamwacha amalize kupumua.

Eliwaza Ntandu alikuwa upande wa pili wa Lango, kitambaa cha kufutia vioo mkononi. Mgodi mzima wa Jiwejeupe ulimwita Mama Picha. Kabla Lango halijaletwa alikuwa amepiga picha za vifua kwa miaka kumi na minne kwa eksirei ya zahanati ya mgodi: vua shati, kidevu juu, vuta pumzi, shikilia, haya achia. Picha elfu kumi na moja. Hizo ndizo alizolishwa Msomaji, yaani akili iliyomo ndani ya Lango, mpaka akajua kusoma kifua cha mtu anayepita huku akitembea, na nguo zake mwilini. Siku ya uzinduzi Eliwaza alipewa cheti, na mkubwa mmoja kutoka makao makuu akasema kwenye kipaza sauti kwamba macho ya mama huyu sasa yamo ndani ya mashine. Cheti kile alikitia fremu, akakitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asikione. Tusimcheke. Ni watu wangapi duniani wanaopigiwa makofi kwa kazi waliyoifanya?

Asubuhi hiyo lifti ilishuka ikapanda, ikashuka tena ikapanda, na Hango bado alikuwa juu ya ndoo.

"Hango, njoo huku," Eliwaza akamwita.

"Taa ni ya kijani, Mama Picha."

"Nimeiona. Njoo hivyo hivyo."

*

Eksirei ya zamani ilikuwa bado ipo kwenye chumba chake, imefunikwa shuka. Eliwaza alikuwa hajaigusa kwa miaka mitano. Alimsimamisha Hango, akamwambia ashikilie pumzi, na Hango hakuweza kuishikilia. Ilibidi warudie mara tatu.

Picha ilipotokea kwenye kioo, Eliwaza alivuta kiti akakaa.

Mapafu mazima kwenye picha huwa meusi, kwa kuwa hewa haizuii mionzi. Ya Hango yalikuwa yamenyunyiziwa nukta nyeupe kila mahali, kama mtu aliyekuwa anachekecha unga juu yake. Juu, pande zote mbili, nukta zilikuwa zimeshikana zikawa mabonge mawili yanayokaribia ukubwa wa kiganja. Katikati, tezi zilizunguka mirija ya hewa kila moja na utando wake mweupe mwembamba, kama ganda la yai. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelijua jina lake. Ni vumbi la mwamba mweupe, ambalo ni kama kioo kilichosagwa. Mwili hauwezi kulitoa wala kulimeng'enya, basi unalijengea kovu, na kovu juu ya kovu, mpaka nafasi ya hewa inakwisha.

"Msomaji," Eliwaza aliiambia mashine iliyokuwa mezani, iliyounganishwa na Lango, "soma hii."

"Makovu ya kifua kikuu cha zamani," Msomaji akajibu. "Hakuna dalili ya vumbi la kazini. Nina uhakika wa asilimia tisini na saba."

"Angalia tena. Angalia hizo tezi."

"Nimeziangalia. Kwa sura peke yake, ugonjwa wa vumbi ungewezekana. Lakini wachorongaji mia nne na kumi na wawili wa mgodi huu, waliofanya kazi zaidi ya miaka kumi, wana vifua safi. Mwamba wa Jiwejeupe haudhuru. Kwa hiyo sababu ni nyingine."

"Nani kakwambia mwamba haudhuru?"

"Picha zako," Msomaji akasema. Hakusema kwa kejeli, maana hakuumbwa na kejeli. "Nikuonyeshe?"

Akamwonyesha. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa Hango Mughenyi, mwaka wake wa kumi na tatu wa kuchoronga. Mapafu meusi, safi, ya mtu ambaye hajawahi kukohoa kwa shida. Na mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika zamani ukaunga vibaya, na nundu katikati. Eliwaza aliteremsha macho kwenye picha ya Hango wa leo. Mtulinga ulikuwa umenyooka kama rula.

"Endelea," akasema, na sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine.

Nundu ile ile ikaja chini ya jina jingine. Kisha jingine. Mtu mmoja mwenye nundu kwenye mtulinga alikuwa amesimama mbele ya mashine yake kwa majina tisa, naye Eliwaza alimjua kabisa. Alikuwa Yona Mkoma, mwalimu wa kwaya, ambaye hakuwahi kushuka mgodini hata kwa kutembelea.

Uso ulimwaka moto. Alikuwa peke yake na mashine isiyojua kumcheka, na bado alijifunika uso kwa viganja vyote viwili.

*

Jambo hili Jiwejeupe waliliita kuazima kifua.

Miaka ile sheria ilikuwa kali upande mmoja tu. Mchorongaji akionekana na vumbi kwenye picha, anapokonywa kibali cha kazi siku hiyo hiyo, anarudi nyumbani na kikohozi chake, na hakuna tiba anayopewa wala mtu wa kumuuliza hali. Basi watu wakatafuta njia. Siku ya kupimwa, mwenye kifua kibovu alimwendea jirani mwenye kifua kizuri akamwomba, kama mtu anavyoomba suti ya kuvaa harusini. Jirani alikubali, maana nani atamnyima mwenzake jambo la dakika mbili? Hakuna aliyelipana. Ilikuwa ujirani tu, na walitaniana kwa hilo. Leo nani ana kifua cha Yona? Mrudishie mwenyewe, Jumapili anaimba.

Eliwaza alijua tangu mwezi wa pili. Angeachaje kujua? Aliwashika watu wale wale bega mara kumi kwa mwaka ili wasimame vizuri. Alifumba macho. Alimwandika Yona kuwa Hango, akamwandika Yona kuwa mchorongaji huyu na yule, akawaambia vuta pumzi, shikilia, na moyoni alijiona mtu mwema. Mgodi mzima ulimsifu kwamba Mama Picha hana roho mbaya.

Halafu sheria ikageuka. Sasa mchorongaji akikutwa na ugonjwa wa vumbi, anapelekwa hospitali ya rufaa, wanachukua chembe zake mwenyewe, wanamwoteshea mapafu mapya kwa miezi saba, wanambadilishia. Watu walikuwa wanarudi kutoka migodi mingine wanapiga mpira. Kutoka Jiwejeupe hajaenda hata mmoja, na makao makuu walikuwa wakijivunia jambo hilo. Tena mwaka juzi walifunga mabomba ya maji kwenye mashine za kuchoronga, yale maji ya kulaza vumbi, kwa kuwa yanachelewesha kazi na Msomaji alishathibitisha kwamba mwamba hauna neno.

Na siku ile wataalamu walipokuja kuzichukua picha zake, wakamuuliza, "Mama, hizi ni za watu wenyewe?" Eliwaza alisema ndiyo. Hilo ndilo lililomrudia sasa. Alisema ndiyo kwa kuogopa kufukuzwa, na akajipa moyo kwamba mashine yenye akili kiasi hicho itajigundulia yenyewe. Kesho mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja. Eliwaza atatia sahihi mara nyingine kwamba picha ni za kweli, na Msomaji atapelekwa kwenye migodi arobaini.

*

Hango alikuwa bado kwenye kitanda cha wagonjwa, shati mkononi. Mkewe, Mwajabu, alikuwa ameshapata habari akaja na chupa ya uji, amekaa kwenye benchi nje ya mlango. Eliwaza alifunga mlango ule taratibu kabla ya kusema.

Alimwonyesha picha, akamweleza. Hango alisikiliza bila kumkatiza, na labda ni kwa sababu ya pumzi.

"Nina muda gani?"

"Bila mapafu mapya? Sikufichi, kaka yangu. Mwaka ukiisha tushukuru."

"Na Msomaji anasema ni TB."

"Anasema hivyo kwa sababu yangu. Nilimfundisha uongo."

"Uliniokoa wewe," Hango akasema. "Watoto wangu wamesoma kwa kazi hii. Usianze kulia hapa, Mwajabu atasikia."

Eliwaza alitamani angemtukana. Tusi angelibeba, lakini shukrani ilimwingia kama mwiba kwenye kucha. Akaendelea, maana ilibidi amwambie yote.

"Sikiliza. Mimi nina sahihi ya mkono. Kwa vile nilimfundisha Msomaji, sheria inaniruhusu kumpinga kwa mgonjwa mmoja mmoja, nikieleza sababu. Nikiiweka kwako leo, wiki ijayo uko rufaa."

"Iweke basi. Unangoja nini?"

"Nikiiweka kwako na kesho nikanyamaza, Msomaji anakwenda migodi arobaini anawaambia watu ni wazima. Wenzako huku vilevile, siwezi kumpinga kwa watu mia tatu, watauliza. Nikisema kesho kwamba watu waliazima vifua, Msomaji anasimamishwa, kila mtu anapigwa picha upya kwa mkono. Lakini sheria inasema mchorongaji aliyedanganya kwenye kipimo amepoteza haki ya mapafu. Moja kwa moja. Na wewe umo."

Hango alivaa shati lake, kifungo kwa kifungo. Alipomaliza alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Hao wa migodi arobaini mimi siwajui," akasema. "Utaniona mbaya, lakini siwajui hata mmoja. Nataka kupumua, Mama Picha. Nataka kulala chali kama watu. Sahihi unayo, iweke."

"Sikuoni mbaya."

"Na Mwajabu hajui habari za Yona. Anajua nilipimwa kila mwaka nikawa mzima. Asijue. Aliniambia niache kazi mwaka ule kikohozi kilipoanza, nikamwambia picha imesema sina kitu."

Kupitia mlangoni Eliwaza alimsikia Mwajabu akimsimulia mtu kwenye benchi kwamba Mama Picha mwenyewe kamwita mumewe, bila kuombwa, na kwamba watu wa namna hii wamebaki wachache.

"Kesho mbele ya mkaguzi," akasema mwishowe, "ukiulizwa, ulipigwa picha wewe mwenyewe. Kila mwaka, bila kukosa. Umenisikia? Usiongeze neno."

"Kwani unataka kufanya nini?"

"Nenda kapumzike, kaka."

Walipotoka, Mwajabu alimshika mikono yote miwili akamshukuru, akamwambia kwamba kila akisali humtaja kwa jina. Eliwaza aliitoa mikono yake kwa kisingizio cha funguo. Alasiri ile alipita kanisani, akaongea na Yona mlangoni kwa dakika chache. Yona alitikisa kichwa kukataa, akatikisa tena, na mwisho akainamisha uso juu ya vitabu vya nyimbo alivyovikumbatia.

*

Kwa desturi ya ukaguzi, hati husomwa mbele ya wafanyakazi wote. Watu walijipanga uwanjani mbele ya Lango, wachorongaji mbele, wake na ndugu nyuma ya kamba. Mkaguzi, Bi Sekela Mwakyoma, alikuwa mwanamke mrefu wa kusema kwa ufupi. Aliisoma hati jukwaani, akamsogezea kalamu Eliwaza aliyeketi kando yake.

"Unathibitisha kwamba kila picha ni ya mtu aliyeandikwa jina lake?"

"Hapana, mheshimiwa."

Bi Sekela hakuinua sauti. "Eleza."

Eliwaza aliinuka. Alikuwa amekusudia asijiachie mwenyewe hata tundu moja la kuponea. Angesema alifanya kwa huruma, watu wangeanza kuuliza aliyehurumiwa ni nani. Sababu ilipaswa kuwa ndogo na chafu, ya mtu mmoja.

"Mashine ilikuwa nzito na foleni ilikuwa ndefu," akasema. "Nilipenda kuwahi nyumbani. Wachorongaji walikuja wote, kila mwaka, wakavua mashati, wakashikilia pumzi. Mimi nilikuwa nabonyeza kitufe mashine ikiwa imezimwa. Nikawaruhusu waende. Halafu nikiwa na nafasi nilimwita mtu mwenye kifua kizuri, nikamdanganya kwamba nafanya majaribio ya mashine, nikampiga picha, nikaigawa kwa majina. Mwangalie mwenye mtulinga wenye nundu, mheshimiwa. Amekaa kwa majina tisa. Wako wengine kama thelathini. Zaidi ya picha mia tatu za wachorongaji wa zamani si zao. Msomaji hajawahi kukiona kifua kibovu cha mchorongaji wa mgodi huu."

Wachorongaji mia tatu waliojua kwamba mashine haikuwahi kuzimwa walikuwa wamesimama mbele yake, na kila mmoja aliyaangalia mabuti yake kama ameyanunua jana.

"Ulipoulizwa na wataalamu?"

"Nilisema ndiyo. Niliogopa."

Bi Sekela aliwageukia watu. "Kuna anayejua jambo hili kwa namna nyingine?"

Mtu wa mbele alikohoa, akajizuia. Yona, nyuma ya kamba, alifumba macho. Mkaguzi aliisoma orodha yake, akaita jina la kwanza.

"Hango Mughenyi. Wewe ulikwenda kupigwa picha mwenyewe?"

Hango, aliyekuwa ameketi chini kwa kukosa pumzi, alisimama akishikilia bega la jirani yake. Alimtazama Eliwaza kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa salama. Eliwaza aliomba kwa moyo wote asiwe mtu mzuri asubuhi hii.

"Nilikwenda mwenyewe, mheshimiwa," akasema Hango. "Kila mwaka."

"Na hukujua?"

"Sikujua."

Akakaa chini, akajiinamia. Bi Sekela aliandika. Alitangaza kwamba Msomaji amesimamishwa hapa na kwingineko kote, kwamba maji yafunguliwe mgodini leo kabla ya mtu yeyote kushuka, na kwamba kila mchorongaji atapigwa picha upya kwa mkono na wapigapicha wa hospitali ya rufaa, haki zake zikiwa kamili. Eliwaza Ntandu avue kitambulisho chake na kukikabidhi, kisha asitoke mjini mpaka polisi wamhoji.

Eliwaza alikivua. Kamba yake ilinasa kwenye nywele, akahangaika nayo mbele ya watu wote, na hakuna aliyekuja kumsaidia. Mmoja wa vijana wa lifti alisema kwa sauti ya kusikika, "Mchawi." Wazee wa mgodini walimsikia, na hakuna aliyemkemea. Eliwaza alikuwa amelitaka hilo hasa, lakini lilimuuma kuliko alivyodhani. Alikuwa amejiandaa kwa chuki ya wasiojua. Kimya cha wanaojua hakukiwekea akiba.

Alishuka ngazi za jukwaa kuelekea kwenye kamba. Watu walimwachia njia pana. Mwajabu peke yake hakusogea.

Hakupiga kelele. Alikuwa analia bila kujifuta.

"Nilimwambia aache," akasema. "Mwaka ule nilimwambia Hango, acha hii kazi, usiku unapumua vibaya. Akanionyesha karatasi yako. Nikanyamaza kwa sababu ya karatasi yako. Kumbe miaka yote nakuombea kwa jina, na ni wewe uliyekuwa unamuua."

Kando ya kamba Hango alikuwa ameinuka, mdomo wazi, mkono mmoja mbele kama anayetaka kuzuia kitu. Eliwaza alimkazia macho mpaka mkono ukashuka.

Asubuhi ile alikuwa ametunga uongo mwingi, na kila mmoja aliutafutia jibu lake mapema, kama ataulizwa. Kwa hili la Mwajabu hakuwa ametunga kitu. Katika yote yaliyosemwa uwanjani, hili peke yake lilikuwa kweli tupu.

"Ndiyo, mdogo wangu," akasema. "Ni mimi."